Onyesha Mahali

Jumamosi iliyopita, saa sita kasoro usiku, uliniingia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kutoka kwa shangazi. Nikajua amemaliza filamu. Nilijifunika shuka hadi kichwani, nikausikiliza wote, kisha nikaurudia kuanzia dakika ya saba, pale aliposema, "Mwanangu, ninyi mmebishana wiki nzima kuhusu huyo mtoto, na hakuna hata mmoja wenu aliyetazama nguo."

Nitarudi kwenye nguo. Kwanza niseme sisi ni nani.

Tuko wanne: shangazi, kaka yangu mkubwa, rafiki yangu mhasibu niliyesoma naye, na mimi. Kila mtu anaishi kwake, mbali na mwenzake. Kila wiki mmoja wetu anachagua filamu, kila mtu anaitazama kwa wakati wake, na Jumapili jioni tunapigiana simu wote wanne kwa pamoja. Huu ni mwaka wa tatu. Miezi ya mwanzo mazungumzo yalikuwa yakikatika mapema. "Nzuri." "Mimi sijaipenda." "Staringi anajua kazi." Dakika kumi zikipita tunaanza kuulizana habari za watoto.

Aliyetutoa hapo ni mhasibu. Kazini kwake mtu akija kudai fedha bila stakabadhi, anarudishwa mlangoni. Siku moja kaka alisema filamu fulani inachosha, naye akamjibu, "Inachosha wapi? Onyesha mahali." Kaka akanyamaza. Akafikiri. Akasema, "Pale anapotembea barabarani muda wote ule bila kusema." Na shangazi akadakia, "Pale? Pale ndipo nilipolia mimi!" Simu ile ilikwenda saa mbili na nusu.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja tu. Ukisema filamu ni mbaya, onyesha mahali. Ukisema imekugusa, taja kilichokuwa kwenye kioo wakati huo: mkono wa nani, mlango gani, sauti gani. Maoni yasiyo na mahali tunayapokea kwa heshima lakini hatuyajadili.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu, nikachagua A Separation, filamu ya Kiirani ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Asghar Farhadi. Ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Lakini sikuichagua kwa ajili ya tuzo. Niliichagua kwa sababu nilishaitazama mara moja, peke yangu, na sikuwa na wa kumwambia. Kama hujaitazama na unataka kuitazama, acha kusoma hapa uende, maana nitaufikia mwisho wake.

Inaanza na mume na mke wameketi wakitutazama sisi. Wako mbele ya hakimu, hakimu haonekani, kamera imekaa kwenye kiti chake. Simin anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao, Termeh, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Nader hataki, kwa kuwa baba yake ni mzee aliyepoteza kumbukumbu na hawezi kumwacha. Simin anasema mzee hata hamjui tena kwamba yeye ni mwanawe. Nader anajibu kwamba yeye anajua yule ni baba yake. Dakika chache tu tangu filamu ianze, na tayari mhasibu aliisimamisha akatuandikia: "Wote wawili wana haki. Sasa tufanyeje?"

Simin anarudi kwa wazazi wake. Nader anamwajiri mwanamke anayeitwa Razieh amtunze mzee mchana. Razieh ni mcha Mungu, ana mimba, na mumewe hajui kwamba anafanya kazi hiyo. Siku moja Nader anarudi na kumkuta baba yake peke yake, amefungwa kitandani kwa mkono. Razieh anaporejea kunatokea ugomvi, Nader anamsukuma nje ya mlango. Tunaona msukumo, tunaona mlango ukifungwa. Kuanguka kwenye ngazi hatukuoni. Mimba inaharibika, na kesi inaanza: je, alijua ana mimba alipomsukuma?

Jumapili ya kwanza tulipasuka vipande. Kaka alisema mkosaji ni Razieh, kwa sababu aliondoka akamfunga mgonjwa, kisha akanyamazia jambo kubwa. Mhasibu alisema ni Nader. Mimi nilisema ni Simin, kwa kuwa alipoondoka ndipo yote yalipoanza. Nililisema kwa nguvu na sasa silisemi tena.

Mhasibu alipodaiwa mahali, alitaja gari. Nader alikuwa anajua habari za mimba, na binti yake ameshaligundua hilo. Hakimu anamwuliza Termeh, naye anadanganya ili kumwokoa baba. Halafu wamo garini, baba anaendesha, mtoto yuko pembeni, hakuna anayesema, na machozi yanamtoka. "Pale," mhasibu alisema. "Hakumlazimisha. Alimwachia mtoto achague, na kuachiwa kwenyewe ndio mzigo. Mimi ningependa nilazimishwe kuliko kuachiwa vile." Nilirudi kuitazama sehemu hiyo. Mara ya kwanza nilidhani analia kwa woga wa mahakama. Mara ya pili nilimwona anamtazama baba yake kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia ikiwa imetolewa paa.

Kaka yeye alikuja na malalamiko. Alisema mwongozaji ametudanganya. Kuna mahali mzee anatoka nje, Razieh anamkimbilia, anamwona ng'ambo ya barabara na magari yanapita katikati yao. Hapohapo picha inakatwa, tunajikuta nyumbani na maisha yanaendelea. Kumbe katikati ya mkato ule Razieh aligongwa na gari, na tunakuja kulijua jambo hilo mwishoni kabisa, anapokiri kwa Simin kwamba hana uhakika mimba iliharibika kwa sababu gani. "Hiyo si hadithi," kaka alisema, "hiyo ni kuficha karata."

Nilimwelewa. Lakini nilimwuliza: ulipokuwa ukimhukumu Razieh kwa kunyamaza, wewe ulikuwa unajua nini? Tulihukumu watu kwa saa mbili tukiwa tumekosa sekunde kumi za ukweli, sawa na hakimu, sawa na majirani, sawa na yule mwalimu anayeitwa kutoa ushahidi kisha anarudi kuubadilisha. Mkato ule ndio filamu yenyewe. Kaka hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Anasema mwandishi akitaka kunifundisha kwamba sijui, asininyang'anye kwanza. Nimeliacha hapo kwa sababu hoja yake ina mahali, na mahali pake ni pa kweli.

Sasa mwisho. Hakimu anamwuliza Termeh atakaa na nani. Anasema ameshaamua, lakini wazazi wanaambiwa watoke nje kwanza. Wanatoka. Wanasubiri kwenye korido, mmoja huku, mwingine kule, kati yao kuna kioo. Majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Hatuambiwi alichosema.

Tulibishana wiki nzima. Mimi nilisema kamchagua mama. Mhasibu alisema baba, kwa sababu mtoto humfuata yule anayemwona hawezi kubaki peke yake. Kaka alisema haijalishi, na akaudhika tena. Shangazi alikuwa hajamaliza. Yeye ana taratibu zake: sabtaito humpita mbio, kwa hiyo mara ya kwanza huitazama filamu bila kuzisoma kabisa, anatazama watu tu. Siku nyingine anairudia kutoka mwanzo, anasimamisha na kusoma. Ndiyo maana huwa wa mwisho kila wiki, na tumezoea kumsubiri.

Miaka mingi alikuwa fundi cherehani. Na alichokiona, bila kusoma neno hata moja, ni kwamba katika onyesho la mwisho familia imevaa nyeusi.

"Wako msibani," alisema kwenye ule ujumbe wa usiku. "Mzee amekufa. Hawakutuambia, hawakutuonyesha jeneza, wamewavalisha tu. Sasa fikiri, mwanangu. Yule mzee ndiye aliyekuwa sababu ya kutohama. Sababu imekwisha. Njia iko wazi. Na bado wamekuja kuachana. Ninyi mnauliza mtoto atakwenda wapi. Mimi nauliza hawa wawili waligombania nini muda wote ule."

Nilikaa kitandani nikawasha taa. Nilikuwa nimeitazama A Separation mara mbili. Mara zote mbili macho yangu yalikuwa chini ya kioo, yakisubiri maneno ya mtoto yatokee kwa herufi nyeupe. Nguo zilikuwa pale, juu kidogo ya maandishi, kubwa na nyeusi. Nilifungua simu nikaenda moja kwa moja hadi mwisho, na nikaona.

Tangu siku hiyo nimeanza kuiga mtindo wake. Dakika ishirini za kwanza za filamu nazitazama na maandishi yamezimwa, hata kama sijui lugha. Ukijaribu utaona jinsi macho yanavyofanya kazi upya: nani anakaa karibu na mlango, nani anashika kitu muda wote, nani anamkwepa nani. Kisha narudi mwanzo na kusoma.

Habari ya namna ya kutazama inanirudisha kwa kaka, kwa sababu naye ana yake, na iliwahi kutuumiza. Mwaka jana mhasibu alichagua Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018. Haina rangi, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, inamhusu Cleo, mfanyakazi wa ndani katika familia moja ya Mexico City mwanzoni mwa miaka ya 1970. Cuarón alishika kamera mwenyewe, akapata Oscar ya uongozaji na ya upigaji picha. Cleo anaigizwa na Yalitza Aparicio, ambaye alikuwa amesomea ualimu wa watoto wadogo na hakuwa amewahi kuigiza popote. Jumapili ilipofika, kaka akasema imemchosha. Tukamdai mahali. Akataja mwanzo, pale ambapo tunaangalia vigae vya sakafu vikimwagiwa maji kwa muda mrefu na hakuna kinachotokea.

"Hukuiona ndege?" nikamwuliza.

"Ndege gani?"

Kwenye yale maji ya sabuni kunatokea mraba wa mwanga, ni anga linaloakisiwa sakafuni, na ndani ya mraba ule ndege inapita taratibu. Mwisho wa filamu Cleo anapanda ngazi za nje kwenda juu ya paa, kamera inamtazama kutoka chini, na angani inapita ndege tena. Tulianza tukiwa tumeinamisha uso, tunamaliza tumeuinua. Kaka alikuwa hajaona yote mawili. Ikabidi aseme: aliitazama kwenye simu, akiwa ameiharakisha mara moja na nusu. Filamu ina dakika 135. Aliimaliza kwa dakika 90.

Mhasibu alikasirika kwelikweli. Siku mbili hawakuongea. Nami nilikasirika, ingawa najua kaka anatoka kazini amechoka na muda wake ni mdogo. Ninaheshimu uchovu wake. Lakini kuharakisha filamu si kufupisha safari, ni kubadilisha kitu chenyewe. Mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu, ukimharakisha anakuwa mtu anayejibu bila kufikiri.

Shangazi ndiye aliyewapatanisha, na aliwapatanisha kwa kumpa kaka kazi. Alimwambia, "Sikwambii uirudie yote. Nenda baharini tu." Kuna onyesho karibu na mwisho ambapo watoto wawili wanavutwa na mawimbi, na Cleo, asiyejua kuogelea, anaingia kuwafuata. Kamera inaandamana naye kwa ubavu, kutoka mchangani hadi ndani ya maji na kurudi, bila kukatwa. Hakuna muziki unaokwambia uogope. Filamu nzima haikutungiwa muziki wa kusindikiza picha. Ni maji tu, yanampiga kifuani, kisha shingoni, na wewe unamsubiri.

Kaka aliitazama kwa kasi yake ya kweli. Akatutumia maneno haya: "Nilipoharakisha, mawimbi yalikuwa madogo." Basi. Hakuongeza kitu, wala sisi hatukumwongezea. Sikumsikia tena akitaja kuharakisha.

Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya 2014, sitaieleza sana, kwa sababu tulikubaliana wote wanne na makubaliano hayana mengi ya kuandika. Wanamgambo wameuteka mji, wamepiga marufuku muziki na mpira. Vijana wanaingia uwanjani na kucheza mechi nzima bila mpira: wanapasiana, wanapiga penalti, kipa anaruka upande. Kila mmoja wetu, bila kuambizana, alitaja mahali hapohapo. Kaka alisema alimwona mpira. Alisema "alimwona", kama mtu.

Wiki iliyopita mhasibu alitupeleka nyuma kabisa, 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya 1957. Watu kumi na wawili wamefungiwa chumbani kuamua kama kijana mmoja ameua. Kumi na mmoja wanasema ameua, mmoja anasema tuongee kwanza. Takribani dakika zote 96 ziko ndani ya chumba hicho. Mhasibu, kama kawaida yake, alichora jedwali la kura: 11 kwa 1, 10 kwa 2, 9 kwa 3, 8 kwa 4, 6 kwa 6. Alilituma kabla ya Jumapili na nilifurahi kulitazama, kwa sababu linaonyesha kitu ambacho mtu hakihisi anapotazama: hakuna anayegeuka kwa hotuba. Kila kura inahama kwa sababu ya kitu kidogo, kisu kinachofanana na kisu kingine, mwendo wa mzee mwenye mguu mbovu, alama za miwani kwenye pua.

Mimi nilisema nilihisi chumba kinapungua. Nikadaiwa mahali, na kwa mara ya kwanza nilikwama, maana lilikuwa hisia tu, kama joto. Nikaomba siku moja. Nikarudi nikatafuta, na nikapata: dari. Mwanzoni tunawatazama kutoka juu kidogo, tunaona meza, viti na nafasi kati ya mtu na mtu. Kufikia mwishoni tumeshuka chini ya macho yao, na dari inaonekana juu ya vichwa vyao kama mfuniko wa sufuria. Kuta nazo zimesogea. Lumet mwenyewe aliwahi kueleza kwamba alikusudia: alipandisha urefu wa lenzi polepole ili kuta zionekane kuwakaribia watu, na akaishusha kamera hatua kwa hatua. Wanapotoka hatimaye nje, kwenye ngazi za mahakama, picha inafunguka kwa lenzi pana na unavuta pumzi bila kujua kwa nini.

Sikuweza kuficha furaha yangu. Hisia niliyodhani ni yangu peke yangu ilikuwa na anwani.

Shangazi alitusikiliza wote, kisha akasema yeye alitazama feni. Imeshindwa kuzunguka tangu mwanzo, watu wanajifuta jasho, wanaigusa, wanaiacha. Mvua inanyesha, chumba kinakuwa giza, mtu anawasha taa, na feni inaanza. Ilikuwa kwenye swichi moja na taa. "Ilikuwa nzima muda wote," alisema.

Wiki hii zamu ni ya shangazi mwenyewe. Amechagua La Noire de..., ya Ousmane Sembène, mwaka 1966, filamu ya saa moja hivi kuhusu Diouana, msichana anayetoka Dakar kwenda kufanya kazi Ufaransa kwa familia ya Kizungu. Ameshaitazama bila maandishi, hajairudia. Alipotutangazia alisema neno moja tu, kwamba tutazame viatu.

Jana usiku nilianza. Nilizima sabtaito. Diouana anashuka kutoka melini amevaa vizuri, gauni lenye madoadoa, viatu vya kisigino, ana sanduku mkononi. Ndani ya ile nyumba bado anavyo, anafagia navyo. Nilisimamisha nikamwandikia shangazi: "Shikamoo shangazi. Nimeviona."

Akajibu mara moja, inaelekea alikuwa macho. "Marahaba, mwanangu. Bado. Endelea."